Malale na Moyo: Habari ya Nchi ya Maswa Tangu Mwaka 1922

  

Fungueni madaftari yenu. Andikeni maneno mawili juu ya ukurasa: MALALE na MOYO. Maneno hayo mawili hayatajwi pamoja mara nyingi. Mtu akisikia malale, huwaza usingizi. Akisikia moyo, huwaza shinikizo la damu, au mzee anayehema akipanda mlima. Lakini katika nchi ya Bariadi na Maswa maneno hayo mawili ni ndugu wa karibu, na udugu huo uliwachukua watu wengi kabla haujajulikana vema. Leo tutasoma jinsi ugonjwa wa malale ulivyoingia katika nchi hiyo, na jinsi jina lake lilivyowafanya watu watazame kichwa na kuusahau moyo.

Nchi yenyewe

Itazameni ramani ya Tanzania. Tafuteni Ziwa Victoria, kisha pelekeni kidole upande wa kusini-mashariki ya ziwa. Hapo ndipo Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Umepewa jina la mto Simiyu, ambao hutoka upande wa Serengeti, hupita katika nchi ya Wasukuma, na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria. Mto Duma ni mwenzake.

Zamani za utawala wa Waingereza mkoa huu haukuwapo. Bariadi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, pamoja na nchi za watemi kama Ntuzu, Itilima na Kanadi. Kwa hiyo mkikuta neno "Maswa" katika somo hili, msifikiri mji wa Maswa peke yake. Fikirini nchi nzima, toka mashamba ya magharibi mpaka pori la mashariki linalopakana na Serengeti.

Nchi hiyo ni ya ng'ombe, mtama na pamba. Haina misitu minene yenye giza. Ina vichaka, miti ya miiba na nyika. Shikeni jambo hilo, maana litatusaidia mbele.

Jinsi pori lilivyorudi

Ugonjwa wa malale huletwa na inzi aitwaye mbung'o. Watu wengine humwita ndorobo. Inzi huyu hunywa damu, na huhitaji vitu viwili: wanyama wa kuwanyonya, na kivuli cha kupumzikia. Mahali penye mashamba wazi, nyasi zilizolishwa na ng'ombe, na kuni zinazokatwa kila siku, mbung'o hakai. Basi katika siku za zamani mkulima na mfugaji, bila kujua habari ya vijidudu, walikuwa wakimzuia mbung'o kwa jembe, shoka na mifugo yao.

Kizuizi hicho kilivunjika kati ya mwaka 1890 na 1891. Katika miaka hiyo sotoka iliingia Afrika ya Mashariki. Sotoka ni maradhi ya ng'ombe, nayo iliua ng'ombe wengi mno, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Mwanzoni mbung'o nao walipungua, kwa kuwa damu ya kunywa ilikuwa chache. Lakini wanyama wa porini walizaana upesi kuliko ng'ombe, na watu waliopoteza mifugo yao walikumbwa na njaa. Wengine walikufa, wengine walihama.

Ninyi wakulima mnajua shamba likiachwa linakuwaje. Mwaka wa kwanza huota magugu. Mwaka wa tatu huota vijiti vya miiba. Mwaka wa kumi ni kichaka, na ndani ya kichaka kuna wanyama. Ndivyo ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Tanganyika.

Kisha vikaja Vita Kuu vya kwanza, mwaka 1914 hadi 1918. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi na askari. Chakula na ng'ombe vilichukuliwa kulisha majeshi. Vita vilipokwisha likaja homa kali la mafua la mwaka 1918 na 1919. Kila mtu aliyekufa au kuhama aliacha nyuma yake kipande cha shamba, na pori likakichukua. Hivyo mbung'o alijengewa nyumba.

Mwaka 1922

Mwaka 1922 ndio mwaka ambao Shirikisho la Mataifa liliwakabidhi Waingereza utunzaji wa Tanganyika kwa hati. Na ndio mwaka ambao malale yalijulikana rasmi kuwa yamezuka mashariki ya Mwanza, katika nchi ya Maswa.

Habari hiyo iliwashangaza waganga wa serikali. Si kwamba malale yalikuwa mageni. Kando ya Ziwa Victoria kila mtu aliyajua. Tangu mwaka 1900 hivi ugonjwa huo ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa Busoga na visiwa vya ziwa. Mwaka 1903 daktari Mwingereza David Bruce alionyesha huko Uganda kwamba mbung'o ndiye aupelekaye. Mwaka 1906 Mjerumani Robert Koch alifika Mwanza, kisha akaenda visiwa vya Sese kujaribu dawa iitwayo Atoxyl. Dawa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake, na baadhi ya wagonjwa walipofuka macho.

Lakini malale hayo yote yalikuwa ya kando ya maji. Mbung'o wa ziwani hukaa katika miti iliyo ufukoni, naye huwauma wavuvi na wachota maji. Waganga walizoea kusema: ondoka ufukoni, utapona. Maswa je? Maswa ni nchi kavu, na watu wake hawakuwa wavuvi. Walikuwa wachunga ng'ombe, wawindaji, wakata kuni na warina asali.

Serikali iliwapeleka wataalamu kuchunguza. Mmoja alikuwa Dr. Duke kutoka Uganda, aliyechunguza wagonjwa na vijidudu. Mwingine alikuwa Charles Swynnerton, Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika, yaani mkuu wa idara ya wanyama wa porini. Yeye alichunguza inzi. Katika vichaka vya Maswa Swynnerton alikuta mbung'o ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemwandika katika vitabu vyao. Mwaka 1923 mbung'o huyo alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake, Glossina swynnertoni. Kwa Wasukuma, bila shaka, inzi huyo hakuwa mgeni hata kidogo.

Mbung'o huyo hupenda vichaka vikavu na miti ya miiba. Hahitaji ufuko. Huwanyonya wanyama wa porini, na mtu akipita huko kutafuta kuni, nyama au malisho, humnyonya yeye pia. Sasa waganga walielewa kwa nini ugonjwa umetoka ziwani na kukaa katika nchi kavu. Lakini lilibaki jambo la pili: ugonjwa huu ulikuwa na mwendo wake wa pekee.

Malale ya namna mbili

Shikeni kalamu zenu tena. Andikeni: malale ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza hupatikana zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati. Huenda polepole. Mtu aweza kuwa nayo miaka miwili au mitatu, akitembea na kulima, kabla akili yake haijaharibika na usingizi haujamshika. Hiyo ndiyo iliyolipa gonjwa jina lake.

Namna ya pili ni ya Afrika ya Mashariki na Kusini. Mwaka 1910 wataalamu wawili wa Liverpool, Stephens na Fantham, walitazama damu ya mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wakaona vijidudu vyenye umbo lililotofautiana kidogo na vile vilivyojulikana. Wakaviita Trypanosoma rhodesiense. Mwaka 1912 wataalamu wengine wawili, Kinghorn na Yorke, walithibitisha kwamba vijidudu hivyo huchukuliwa na mbung'o wa porini. Hii ndiyo namna iliyo hatari katika nchi ya Simiyu na Serengeti.

Namna hii ya pili haiendi polepole. Huanza kwa uvimbe mwekundu wenye maumivu mahali mbung'o alipouma. Baada ya majuma machache, au siku chache tu, huja homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, na kuvimba matezi. Mtu asipotibiwa hufa, mara nyingi katika miezi michache. Na hapa ndipo penye fumbo la somo letu: wengine hufa kabla usingizi haujafika. Hawakulala mchana. Akili zao hazikupotea. Basi wamekufa kwa nini?

Moyo na kazi yake

Kabla ya kujibu, na tuutazame moyo. Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa kama huo. Ni nyama, kama nyama ya paja au ya mkono, lakini nyama ya pekee isiyopumzika. Hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku moja. Kila ukipiga husukuma damu kwenda mwili mzima.

Moyo una sehemu tatu ambazo yatupasa kuzijua leo. Kwanza kuna mfuko mwembamba unaouzunguka kwa nje. Pili kuna nyama yenyewe, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Tatu, ndani ya nyama hiyo mna njia za kupitishia amri. Amri huanza juu ya moyo, ikashuka chini kwa utaratibu, ili vyumba vya juu vikaze kwanza na vya chini vifuate. Wafikirieni watu wanaovuta gogo kwa kamba. Mmoja huimba, na wote huvuta pamoja. Mwimbaji akinyamaza, au sauti yake isiwafikie walio nyuma, kila mtu huvuta kwa wakati wake, na gogo halisogei. Moyo nao uko hivyo.

Sasa vijidudu vya malale. Kijidudu kimoja ni kama uzi mdogo wenye mkia. Ukivipanga 40 kichwa kwa mkia, urefu wake wote ni kama milimita moja. Huogelea katika damu, na pia huingia katikati ya nyama za mwili. Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, nao huvishambulia. Lakini vijidudu hivi ni wajanja. Hubadilisha ngozi yao ya nje, kama mwizi anayebadilisha kanzu kila anapofuatwa. Askari wakiisha kujifunza kuitambua kanzu ya kwanza, vimekwisha vaa ya pili. Vita havimaliziki.

Mmepata kuchomwa na mwiba? Mahali hapo huvimba, huwa pekundu, hupata moto na huuma. Uvimbe huo si mwiba wenyewe. Ni askari wa mwili waliokusanyika, pamoja na maji yaliyotoka katika damu. Katika kidole uvimbe huo ni jambo dogo. Lakini vita hivyo vikipiganwa katikati ya nyama ya moyo, moyo hauwezi kusimama upumzike mpaka vita viishe. Hulazimika kupiga huku umevimba. Hapo ndipo wasemapo waganga kwamba nyama ya moyo imevimba kwa ugonjwa wa vimelea. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya kiumbe kingine, na kijidudu cha malale ni kimelea.

Moyo uliovimba hivyo hupiga mbio bila kazi, au hupoteza utaratibu. Mtu husikia mapigo kifuani. Hukosa pumzi. Miguu yaweza kuvimba. Mfuko wa nje waweza kujaa maji na kuubana moyo. Na ikiwa njia za amri zimeharibika, kifo chaweza kuja ghafula.

Waliotazama ndani ya moyo

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Kwa miaka mingi waganga walitazama zaidi ubongo na maji ya uti wa mgongo, maana jina la ugonjwa liliwaelekeza huko. Habari za moyo zilikuwamo katika taarifa zao, lakini zilikaa pembeni.

Mwaka 1963 Manson-Bahr na Charters waliandika taarifa ya kitaalamu iliyohusu kuvimba kwa nyama ya moyo katika malale ya Afrika. Mwaka 1968 de Raadt na Koten waliandika nyingine, nayo ilihusu namna hasa ya Afrika ya Mashariki, ikachapishwa katika jarida la uganga la Afrika ya Mashariki.

Kisha mwaka 1976 ikatoka kazi ya Poltera, Cox na Owor. Raphael Owor alikuwa mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Hao walichunguza mioyo ya watu waliokufa kwa malale, wakaikata vipande vyembamba, wakavitazama kwa hadubini. Walikuta kwamba uvimbe haukuishia katika nyama ya moyo. Ulikuwa katika tabaka zote za moyo, katika milango ya damu iliyo ndani ya moyo, na katika zile njia za kupitishia amri. Lile neno tulilosema juu ya mwimbaji na kamba, wao waliliona kwa macho.

Twaweza kujifunza pia kutoka nchi ya mbali. Katika Brazili kuna kijidudu kilicho jamaa ya hiki cha malale. Daktari Carlos Chagas alikigundua mwaka 1909. Hakichukuliwi na mbung'o, bali na kunguni mkubwa anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo. Huko watu waliujua ugonjwa wa Chagas kuwa ni ugonjwa wa moyo, unaoweza kumdhoofisha mtu kwa miaka mingi. Wa Brazili ukahesabiwa kuwa wa moyo, na wa kwetu ukahesabiwa kuwa wa usingizi, ingawa huu wetu pia hugusa moyo, tena kwa haraka. Mnaona jinsi jina linavyoweza kuyaongoza macho ya wataalamu.

Vita vya shoka na moto

Turudi Tanganyika ya miaka ya 1920. Dawa zilikuwa chache. Kwa hiyo serikali ilichagua kupigana na mbung'o na pori lake. Katika sehemu nyingi zenye malale watu walihamishwa kutoka porini, wakakusanywa katika makazi makubwa. Mtu aliyehamishwa aliacha shamba lake, makaburi ya wazee wake na miti ya matunda. Lilikuwa jambo zito, na wengi hawakulipenda. Faida yake ni kwamba watu wakikaa pamoja pori hukatwa, na mbung'o hurudi nyuma.

Shinyanga ikawa mahali pa majaribio makubwa. Swynnerton aliomba msaada wa watemi, na maelfu ya Wasukuma walitoka kwa mashoka na mapanga kufyeka vichaka. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya kale ya kufanya kazi kwa makundi, vijana wakiongozwa na viongozi wao, basumba batale. Bila desturi hiyo kazi isingewezekana. Swynnerton mwenyewe alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege hapa Tanganyika, pamoja na mtaalamu wa mimea, Burtt.

Huko Tinde, karibu na Shinyanga, palikuwa na maabara. Tangu mwaka 1934 wataalamu walichukua vijidudu vya malale, wakavipitisha kwa mbung'o toka kondoo au paa mmoja hadi mwingine. Walitaka kujua kama vikikaa katika wanyama muda mrefu vitasahau kumdhuru mtu. Taarifa yao ya mwaka 1955 ilieleza kazi ya miaka 18. Jibu lilikuwa kwamba havikusahau. Walilijua kwa kuwaambukiza watu waliojitolea, jambo ambalo leo lingehojiwa vikali. Baadaye, mwaka 1958, vijidudu hivyo vilipatikana katika mwili wa pongo huko Kenya, na mwaka 1966 taarifa kutoka Alego, Kenya, ilionyesha kwamba hata ng'ombe wa nyumbani huweza kuvitunza bila watu kujua.

Kazi ya shoka ilifaa. Mbung'o alirudi nyuma, na Wasukuma walipata nafasi ya kupanua mashamba na malisho yao upande wa mashariki. Lakini kila dawa ina uchungu wake. Miti ilikatwa kwa ajili ya mbung'o, ikakatwa kwa pamba, ikakatwa kwa kuni, na ng'ombe wakaongezeka. Udongo ukaanza kuchukuliwa na mvua. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango uitwao HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudisha miti. Mpango huo uliitumia desturi ya Wasukuma ya ngitili, ya kufunga sehemu ya malisho na kuitunza kwa wakati wa kiangazi. Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Kwa hiyo babu alisifiwa kwa kukata, na mjukuu akasifiwa kwa kupanda. Wote wawili walikuwa na sababu.

Dawa, toka sindano hadi vidonge

Katika miaka ya 1920 ilikuja dawa iitwayo suramini, ambayo ilipigwa kwa sindano katika mshipa. Iliwaponya watu wengi waliofika mapema, kabla vijidudu havijaingia katika ubongo. Kwa waliochelewa ilitumika melasoprolo, iliyotengenezwa mwaka 1949. Ndani yake mna aseniki, ambayo ni sumu. Iliwaokoa wengi, lakini katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, 5 hadi 10 hivi walipatwa na madhara makali ya ubongo, na wengi wa hao walikufa. Mganga alilazimika kumpa mgonjwa dawa huku yeye mwenyewe akiiogopa.

Mambo yamebadilika. Dawa ya vidonge iitwayo feksinidazoli ilijaribiwa Malawi na Uganda kwa malale ya namna yetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia, na sasa ndiyo ya kwanza kuchaguliwa kwa wagonjwa wenye umri wa miaka sita na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi. Hunywewa kwa siku kumi, pamoja na chakula, mgonjwa akiangaliwa na waganga. Na hata hapa moyo hausahauliki: dawa hiyo yaweza kugusa mwendo wa mapigo ya moyo. Kwa sababu hiyo daktari huupima moyo wa mgonjwa, na huuliza dawa nyingine anazotumia.

Wagonjwa wa namna hii leo ni wachache. Mwaka 2022, katika Afrika yote, walioandikwa hawakufika 100. Lakini uchache una hatari yake. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na hifadhi nyingine za kaskazini ya Tanzania walirudi Ulaya wakiwa na malale. Mbung'o waliowauma hawaijui mipaka ya hifadhi. Na mganga kijana ambaye hajaona mgonjwa hata mmoja wa malale aweza kudhani ni malaria.

Yatupasayo kufanya

Sasa, wewe msomaji unayekaa Bariadi, Meatu, Itilima au Maswa, ufanye nini na historia hii?

Ukiingia porini, au ukichunga karibu na hifadhi, vaa nguo nene za mikono mirefu zisizo za rangi ya buluu wala nyeusi, maana mbung'o huvutwa na rangi hizo. Hata vitambaa vya kumtega hutengenezwa kwa buluu na nyeusi, na kutiwa dawa ya kumwua. Ng'ombe wako nao waogeshwe dawa ya inzi.

Ukipata uvimbe mwekundu wenye maumivu baada ya kuumwa, au homa isiyoondoka hata baada ya dawa ya malaria, nenda zahanati upesi. Usiseme tu, "Nina homa." Sema, "Nina homa, nami nilikuwa porini penye mbung'o." Maneno hayo machache humfanya mganga atazame damu kwa hadubini na kutafuta kijidudu ambacho asingekitafuta. Na kama moyo wakwenda mbio, au wakosa pumzi, mwambie hilo pia.

Zaidi ya yote, usingoje usingizi. Jina la malale lilitungwa kwa ajili ya ugonjwa unaokwenda polepole wa nchi nyingine. Katika nchi ya mto Simiyu ugonjwa huu hauna subira, na anayengoja kusinzia ndipo aamini kwamba ni malale, moyo wake waweza kumtangulia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini pori liliongezeka baada ya sotoka ya miaka ya 1890 na 1891?
2. Malale ya Maswa ya mwaka 1922 yalitofautianaje na malale ya ufukoni mwa ziwa?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi kijidudu cha malale kinavyoweza kuvimbisha nyama ya moyo.
4. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: zamani mbung'o walikuwa wapi, na nani alifyeka pori hilo? Andikeni majibu yao katika madaftari, myasome mbele ya wenzenu juma lijalo.